UZI: Klabu yetu ya baiskeli inataka kugawa vyeo vya heshima kwa majina ya Riat, Kit Mikayi, Dunga n.k. Nani apewe nini?

Cheni_Kavu (mwenye uzi)

Wasee wa Kisumu na majirani wote salamu. Someni mpaka chini kabla hamjanirushia mawe. Klabu yetu ya baiskeli inafunga mwaka na kamati imechoka na vile vikombe vya plastiki vinavyobanduka rangi kabla mtu hajafika nyumbani, so safari hii tumekubaliana kila memba aliyefanya kitu cha maana apewe cheo, na cheo kiwe ni jina la mahali petu, si mambo ya Best Rider sijui nini, hapana, mtu asimame aitwe Mzee wa Riat na watu wapige makofi wakijua kwa nini.

Riat haina ubishi. Ukishaacha Mamboleo kuelekea Kiboswa barabara inainuka, ziwa linabaki nyuma yako chini huko, na kama uliamka ukala chapati nne utazikumbuka moja moja. Kuna memba wetu hupanda hiyo Riat, akifika juu anageuka anashuka tena kuja kumsukuma mgeni wa mwisho kwa mkono mgongoni. Huyo hata hatukupiga kura.

Ya pili ni Saa ya Mjini, ule mnara wa Oginga Odinga Street uliojengwa kumkumbuka Kassim Lakha tangu 1938. Hiyo tunampa sekretari wetu juu akisema saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi na mbili, akikukuta unafunga kamba ya viatu anaondoka.

Sasa shida iko hapa. Kamati imeweka Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya kule Seme, kama cheo cha juu kabisa, na kuna mtu aliyetununulia jezi ambaye ameanza kutuma watu waulize kama hicho cheo kina mwenyewe. Baiskeli yake bado iko na karatasi ya dukani kwa pedali. Nusu ya kamati inasema apewe tupate jezi na za mwaka ujao, nusu nyingine (mimi nikiwemo) tunasema hapana. Nyinyi mnaonaje?

nyar_Seme

Mimi ni wa huko na nitaongea polepole ili msikie vizuri. Kit Mikayi si mawe ya kupigia picha tu ati kwa sababu mko na jezi mpya. Kuna watu hufunga wakaomba pale chini ya yale mawe, waumini wa kanisa la Legio Maria na wengine wengi, unaweza fika asubuhi ukakuta mama amelala hapo siku kadhaa na chupa ya maji. So kwanza kama mnataka kutumia jina, endeni muongee na wazee wa pale na wanaopatunza, ni heshima ndogo tu haiwagharimu kitu.

Pili, hiyo hadithi mnaijua kweli? Wanasema kulikuwa na mzee anaitwa Ngeso alipenda lile jiwe mpaka akawa kila siku akiamka anaenda kushinda pale ndani, na mkewe ndiye anamfuata na chakula asubuhi na mchana. Watu wakimuuliza mama mzee ameenda wapi anajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Ndio jina likakaa hivyo. Sasa niambieni, katika hiyo hadithi yule aliyenunua jezi ni nani? Hayuko. Mwenye anastahili ni yule anayebeba chakula kufuata watu waliopendana na kitu kisichowapenda, na hapo nawaangalia nyinyi na baiskeli zenu.

Cheni_Kavu

@nyar_Seme umenimaliza 😂 lakini unajua tuko na huyo mtu? Kuna mama mmoja memba wetu ambaye goti lilimkatalia kuendesha, sasa anatufuata na gari lake la Probox, ndani kuna maji, ndizi, tyubu, pampu na viti viwili vya waliochoka. Tangu aanze hakuna mtu amelala Holo kwa sababu ya pancha. Nitapeleka jina lake kwa kamati leo leo.

Babu_wa_Kano

Vijana mnaongea kama hii kitu mmeivumbua juzi. Hapa kwetu kumuita mtu kwa mahali na kumsifu nako ni kitu cha zamani kuliko hiyo baiskeli. Pakruok mmesikia? Nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, inapigwa, mtu anasimamisha muziki, anatoa kitu kidogo, kisha anajitaja yeye ni nani, ametoka wapi, ni mkwe wa wapi, rafiki zake ni kina nani, na anachagua maneno mpaka watu wanashika viuno kwa kucheka. Na mtaani mpaka leo mwanamke anaitwa nyar Alego, nyar Gem, jamaa anaitwa ja-Seme, ja-Yimbo, na jina la kwa kitambulisho wengine hawalijui kabisa.

Lakini muangalie tofauti. Kwa pakruok unajisifu mwenyewe na unalipia, ni mchezo na kila mtu anajua ni mchezo. Hiki chenu ni watu wengine wanakupa. Huyo wa jezi anataka kulipa kama pakruok halafu aheshimiwe kama cheo, na hizo ni meza mbili. Mwambieni siku ya sherehe asimame, atoe yake, ajisifu mpaka achoke, tutamshangilia bila wivu. Cheo aachie wenyewe.

Mwananchi_Wa_Kawaida

@Babu_wa_Kano hiyo point ichapishwe kwa jezi. Na mimi niongeze, angalieni vile serikali hufanya. Kila Jamhuri Dei tarehe 12 Desemba orodha ya nishani inatoka, EGH, EBS, MBS, OGW, HSC, na kuna sheria kabisa ya mwaka 2013 inayosema nishani zitolewe vipi na nani anaweza kupendekezwa. Ukipitia majina utakuta muuguzi au mwalimu au mwanariadha ambaye unasema ndio, huyu alikuwa amechelewa kupewa, halafu mstari unaofuata unakuta mtu unauliza huyu naye alifanya nini jameni. Na hao wa swali ndio huchafua hata wa kwanza.

Klabu ya watu thelathini hivi haina haja ya kurudia hiyo. Nyinyi mnajuana. Mnajua nani hukaa mbele akikata upepo na nani hujificha nyuma mpaka kilomita ya mwisho ndio anachomoka kama Kipchoge.

mulembe_kaka

Sisi wa juu huku mmetusahau kama kawaida. Mnapanda mpaka Kakamega mnakula mayai yetu halafu vyeo vyote ni vya ziwani? Mimi napendekeza Ilesi. Lile jiwe linalolia, hapo hapo kando ya barabara ya Kisumu–Kakamega, maji yanateremka kutoka juu yake kama machozi. Na mnajua mna mtu wa kupewa. Yule jamaa ambaye kila mlima analia, ati gia haiingii, ati kiti kiko juu, ati leo jua ni kali, lakini hajawahi kukosa safari na hajawahi kurudi kwa gari. Analia na anafika.

Ila nawaonya kitu kimoja, kuna mtu kwa grupu alisema tuwe na Nabongo wa klabu. Hiyo acheni. Nabongo ni kiti cha mfalme wa Wanga, Nabongo Mumia amekikalia mpaka akafa 1949 na ukoo uko na watu wake hadi leo kule Mumias. Jina la kilima au jiwe au ziwa ni letu sote lakini kiti cha mtu ni cha mtu. Hata Ker, yule mkuu wa baraza la wazee wa Waluo, msiguse, mtakuja kuitwa na wazee muanze kujieleza na hamna kuku wa faini.

Fundi_Spoku

Huyo wa Ilesi ni mimi na nimesoma kila kitu. Gia KWELI HAIINGII. Nimekubali cheo lakini nataka iandikwe kwa cheti kwamba derailer yangu ilipinda mwezi wa nne na klabu ikasema ni akili yangu.

Mtembezi_wa_Menengai

Habari kutoka Nakuru. Sisi ni wa kutembea kwa miguu si baiskeli, na hii mambo ya vyeo tumeifanya kwa muda sasa, wacha niwape yaliyotukuta.

Menengai tulimpa mtu anayeongoza njia. Wengi wenu mnapajua kwa picha ya pale juu kwa kibao tu, lakini kushuka ndani ya lile shimo ni habari nyingine, lina kama kilomita za mraba 90 na kutoka ukingoni hadi chini ni karibu mita 485, mawe ya lava yanakata viatu, kuna moshi unatoka ardhini na njia zinafanana zote. Wazee husimulia vita vya Wamaasai wa zamani, Ilpurko waliwatupa Ilaikipiak humo ndani, na huo mvuke wengine husema ni roho zao zinatafuta kutoka. Siku hizi GDC, ile kampuni ya serikali ya jotoardhi, wanachimba mvuke huo huo wa stima. So mtu anayeitwa Menengai kwetu ni yule ambaye ukiwa naye hupotei, basi. Na akitaka kuacha kuongoza anakirudisha cheo mwenyewe.

Hyrax Hill tulimpa mzee wetu anayependa bao, kwa sababu kwenye ile miamba kuna mashimo ya bao yamechongwa na watu wa kale. Ni mahali mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba 1937, na mzee akishaanza hiyo hadithi chai inapoa na hakuna anayelalamika.

Lakini kile kilichotuletea kizaazaa ni Flamingo. Zamani hicho ndicho kilikuwa cheo kikubwa, Ziwa Nakuru na flamingo ni kitu kimoja, watalii walikuwa wanakuja kwa hilo tu. Halafu kuanzia miaka ya 2010 hivi maji yakapanda, yakameza miti na mpaka lile lango la zamani na ofisi za bustani, maji yakapoteza ile chumvi na chakula cha ndege kikapungua, flamingo wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingine. Na mwenye cheo chetu cha Flamingo, nawaambia ukweli, mwaka uliofuata naye akahamia klabu ingine! Mpaka leo mtu akikosa kuja mara mbili tunamuuliza kama yuko Bogoria. Kwa hiyo fikirieni hili kabla, cheo ni cha maisha au cha mwaka?

Probox_Mama

Nimetumiwa hii link na watu wengi leo kwa hivyo nimejiunga. Mimi ndiye wa gari. Asanteni kwa heshima na @nyar_Seme Mungu akubariki kwa hayo maneno, lakini cheo cha Mikayi SITAKI. Nina mume mmoja na yeye ana mke mmoja, akisikia mimi naitwa Mikayi huko nje ataanza kuuliza Nyachira, mke wa pili, ni nani na Reru, wa tatu, analala wapi. Hiyo kesi nani atanisaidia kuamua?

Nipeni Kibuye, lile soko letu. Ndizi zenu zote natoa Kibuye Jumamosi jioni, yule mama wa ndizi ananijua kwa jina la baiskeli, na ukinitafuta siku ya Jumapili kabla jua kuchomoza niko hapo napanga maji. Hicho nitakivaa hata kanisani.

nyar_Seme

😂😂😂 Nyar Kibuye. Kimepita. Na afadhali, basi Kit Mikayi kibaki bila mtu. Kiwe tu mahali mnaenda.

Babu_wa_Kano

Naunga. Cheo cha juu kabisa kikae wazi, hiyo ndiyo itawapa adabu. Kikiwa na mtu kila mwaka mtapigania, kikiwa wazi kila mtu atajitahidi kimya kimya.

Jaluo_wa_Diaspora

Kwani si hii ni mambo ya wakoloni tu mnairudisha kwa mlango wa nyuma? Duke wa Edinburgh, Earl wa sijui wapi, Lord nani. Hata Kisumu yenyewe ilikuwa inaitwa Port Florence reli ilipofika 1901, jina la mke wa bwana wa kujenga reli, na kabla ya hapo watu walikuwa wanaishi hapa na wanapaita kwa jina lao. Sasa nyinyi badala ya kuachana na mavyeo mnaongeza.

Cheni_Kavu

@Jaluo_wa_Diaspora nimekuelewa na si swali baya, lakini Duke wa Edinburgh hapewi Edinburgh kwa sababu alisukuma mtu mlimani. Sisi tunageuza. Florence alipewa mji mzima bila kupanda Riat hata mara moja. Hapa unatoa jasho mahali mpaka mahali penyewe pakukubali, ndio tunakuita hivyo. Na ukiniuliza, vijana wetu wengi wanajua majina ya milima ya Tour de France, Alpe d'Huez sijui Ventoux, lakini Simbi Nyaima hawajawahi kusikia na iko hapo Kendu Bay tu.

mulembe_kaka

Hebu isimulie wengine tusikie.

Cheni_Kavu

Simbi ni ziwa dogo la mviringo, lina chumvi, na hadithi ni kwamba kulikuwa na kijiji hapo. Usiku mmoja kuna sherehe, mvua inanyesha, bibi mzee mgeni akapita akiomba kujihifadhi na kula, wakamfukuza nyumba baada ya nyumba. Mwanamke mmoja tu ndiye akamkaribisha. Bibi akamwambia huyo mama atoke kijijini na watu wake, halafu mvua ikazidi na kijiji chote kikazama na sherehe yao.

Sasa sisi tuna memba anaishi upande wa Ahero, tukinyeshewa Kano tukirudi kutoka Awasi nyumba yake iko wazi, matope yetu yote sebuleni, mkewe anapika ugali na omena ya watu kumi na tano bila kuuliza mtaondoka saa ngapi. Huyo nataka aitwe Simbi, kwa ajili ya ile nyumba moja iliyofungua mlango. Kuna mtu wa kamati amesema jina hilo ni la mkosi juu linazamisha. Mimi naona akisimuliwa hadithi yote mbele ya watu hakuna atakayewaza mkosi.

Mtembezi_wa_Menengai

Hapo umegusa. Kwetu pia cheo hakipewi bila kusimulia. Anayetoa lazima aseme mahali ni wapi, pana nini, na huyu mtu anapafanana vipi, na akishindwa kusema hayo dakika chache cheo hakitoki. Hiyo tu ilifukuza majina mengi ya kubebana.

Fundi_Spoku

Mimi naomba na Thimlich Ohinga kabla hamjafunga. Najua iko Migori na ni mbali kwa baiskeli lakini UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018 na watu wa hapa bado wanafikiri ni jina la shule. Zile kuta zimejengwa mawe matupu, hakuna simiti hakuna udongo, jiwe limekalia jiwe, zingine zinapita mita 4 kwenda juu na zimesimama karne na karne. Hicho apewe mwekahazina wetu. Klabu haina katiba ya maana, akaunti ya benki ilikataa kufunguka, na bado pesa zinahesabika na hakuna aliyepigana.

Mwananchi_Wa_Kawaida

Swali la vitendo. Hippo Point mmeiacha wazi? Kuna kijana hapo kwa grupu anasema aitwe Kiboko juu ya mbio zake.

Probox_Mama

Huyo kijana ndiye alishuka kupiga picha karibu na kiboko jioni nikamvuta na jezi. Kiboko anaua watu kwa hili ziwa letu, wavuvi wa Dunga watakwambia. Asipewe kitu mpaka akomae.

Cheni_Kavu

Haya, kamati ilikaa jana usiku na nimetoka huko na matokeo, mengine mtapenda mengine mtanuna.

Riat, Saa ya Mjini, Kibuye, Ilesi, Simbi na Thimlich vimepita. Dunga pia imepita, tumempa dada yetu ambaye huja na gunia kila tukimalizia pale ufukweni, anaokota plastiki kwa mafunjo wakati sisi tunasubiri samaki, na ndiye alitufundisha kwamba kuna ndege wa hayo mafunjo ambao yakikatwa hawana pengine pa kwenda. Kit Mikayi imebaki bila mtu na barua ya kuomba ruhusa ya kwenda na kikundi itaandikwa kwa wazee wa pale.

Kuhusu muda, tulibishana mpaka chai ikaisha. Wengine walitaka kila mwaka kiende kwa mtu mwingine, wengine maisha. Tumetoka na hii: ni cha maisha lakini kila mwaka mwenye cheo lazima apeleke wageni wa klabu mahali pake na awasimulie, ukikosa miaka miwili mfululizo umehamia Bogoria (tumeiba hiyo @Mtembezi_wa_Menengai).

Mtu wa jezi ameambiwa. Jina la biashara yake liko mgongoni kwetu sote na hapo linatosha. Alinyamaza kidogo kwa simu kisha akauliza Riat ni kilomita ngapi kutoka Mamboleo. Nikamwambia aje Jumapili ajionee.

nyar_Seme

Akuje. Karatasi atoe kwa pedali kwanza.

Fundi_Spoku

Na nani atapanda na mimi Ilesi kuwasimulia wageni? Ile njia yote ni mlima, jua nalo, na hiyo gia hamjairekebisha

mulembe_kaka

Ameanza 😂

Cheni_Kavu

Jumapili Kibuye saa kumi na mbili kamili. Saa ya Mjini amesema hangoji mtu, kila mtu abebe tyubu yake na shilingi mia ya ndizi, muitumie kwa Probox_Mama kabla ya Jumamosi saa kumi.

Probox_Mama

Mia na hamsini. Ndizi zimepanda.